Vizingo vya Neno Moja: "Free" ya Kiingereza baina ya Huru, Bure na Uungwana

Utangulizi

Kizingo ni mahali ambapo mto au njia hupinda, na mwenda njia hulazimika kuzunguka ndipo ajue kilichoko upande wa pili. Ndilo pia jina la mtaa ulioko kusini-mashariki mwa kisiwa cha Mombasa, wenye Ikulu, mibuyu mikongwe na barabara ya Mama Ngina inayokabili bahari kuu. Upande mmoja uko Mji wa Kale, na upande mwingine kivuko cha Likoni. Ni mtaa uliozoea lugha mbili kwa muda mrefu, Kiswahili na Kiingereza, na aishiye humo hupita kutoka moja kwenda nyingine bila ya kuhisi kwamba amepinda.

Katika mazingira hayo neno moja dogo la Kiingereza, "free", husikika kila siku kwa namna ambazo Kiswahili hakizikusanyi pamoja. Mshtakiwa aliyeachiliwa na mahakama ni "free". Abiria avukaye Likoni kwa miguu huvuka "free". Teksi isiyo na mtu ni "free", na aliyekwisha kazi zake yu "free". Atoaye bila ya kuhesabu na asemaye bila ya kuficha, wote wawili husifiwa au hulaumiwa kwa neno hilo hilo. Na mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba shairi lisilo na vina wala mizani nalo ni "free". Mswahili akitakiwa kuyafasiri haya atasema kwamba wa kwanza yu huru, wa pili amevuka bure, teksi haina mtu, aliyemaliza kazi ana nafasi, mtoaji ni mkarimu, msemaji ni msema wazi. Kuhusu shairi, atasita.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kusita huko. Hoja yake ni kwamba kufasiri "free" si kazi ya kamusi peke yake. Kila mfasiri anapochagua neno moja na kuacha jingine, huamua pia mtu huru ni mtu wa namna gani: je, ni yule aliyeondolewa kitu, yaani pingu, bwana au bei, au ni yule aliye na kitu, yaani jamaa, ahadi na heshima? Kiswahili cha pwani kina majibu yote mawili, na kimeyapa majina mbalimbali. Desturi ya karne iliyopita ya kulitegemea neno "huru" karibu kila mahali imelifanya jibu la pili lisahaulike.

Muktadha na historia ya neno

Kwamba maana ya neno hupatikana katika matumizi yake si jambo geni. Malinowski alilisisitiza mwaka 1923 alipoeleza kuwa usemi haufahamiki nje ya hali uliosemewa. Wittgenstein akalipa uzito wa kifalsafa katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953, baada ya kufa kwake. Katika uhakiki wa fasihi, William Empson aliandika mwaka 1951 kitabu kizima juu ya maneno ya Kiingereza ya kawaida yaliyosheheni maana, na C. S. Lewis, mwaka 1960, akatenga sura nzima kwa ajili ya "free".

Hata hivyo, kusema kwamba muktadha huamua maana ni nusu ya ukweli. Muktadha huchagua, lakini huchagua katika yale ambayo historia imeyaweka akibani. Wanaisimu wa historia hulihusisha neno "free" na mzizi wa kale sana wenye maana ya kupenda, mzizi uliozaa pia neno la Kiingereza la rafiki, "friend". Maelezo yatolewayo mara nyingi ni kwamba katika nyumba za kale za watu waliozungumza lugha mama ya Kiingereza na Kijerumani, wapendwa walikuwa ndio watu wa ukoo, kinyume cha watumwa waliokaa nao chini ya paa moja. Kilatini nacho kiliwaita watoto wa nyumba "liberi", neno lililo sawa na lile la watu walio huru. Kwa hiyo mtu "free" wa mwanzo hakuwa mtu aliyefunguliwa. Alikuwa mtu wa nyumbani, mwenye watu wake. Maana ya kutofungwa ilistawi juu ya maana hiyo, kisha ikaja ya kutolipa, na ile ya kupenda ikazama kabisa. Mwingereza wa leo hahisi urafiki wowote ndani ya neno lake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapomfaa mhakiki. Yale ambayo Kiingereza kiliyafunga katika neno moja na kuyasahau, Kiswahili kimeyaweka mbalimbali na kuyakumbuka.

Huru na mwungwana

"Huru" latokana na Kiarabu, ambako "hurr" lina nyuso mbili: asiye mtumwa, na aliye bora au mtukufu. Kiswahili kilichukua uso wa kwanza. Uso wa pili ukawa wa neno jingine, mwungwana, yaani mzaliwa asiye mtumwa, mtu wa mji, mwenye nasaba ijulikanayo na mwenendo unaolingana nayo. Tofauti ya maneno haya hudhihirika katika vitenzi vinavyoandamana nayo. Mtu huachwa huru, hupewa uhuru, huandikiwa hati ya uhuru. Hakuna aachwaye mwungwana. Mtu huzaliwa mwungwana, hutenda kiungwana, au hukosa uungwana. Uhuru hutolewa na mwingine kwa siku maalumu. Uungwana huishiwa kila siku mbele ya macho ya majirani.

Historia ya Mombasa yaonyesha kwamba tofauti hii haikuwa ya sarufi tu. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja, na mwaka huo huo Sultani Barghash akatia saini mkataba uliolifunga soko la watumwa. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa huko Kisauni, ng'ambo ya Mji wa Kale, wakakiita Freretown kwa heshima ya mjumbe huyo. Kengele iliyowekwa pale kuwatahadharisha wakazi imeacha jina la Kengeleni hadi leo. Wakazi wa kijiji hicho walikuwa huru bila ya shaka yoyote. Lakini maji ya bandari ya kale, yanayovukwa kwa muda mfupi, yalitenga aina mbili za watu ambao Mwingereza angewaita kwa neno moja. Wa Freretown walikuwa na uhuru. Waliojihesabu waungwana walikuwa ng'ambo. Kwa watu wa mji, mtu aliyefikishwa na manowari, asiyejulikana babu yake wala dini ya wazee wake, hakuingia uungwanani kwa sababu tu mnyororo wake umekatwa.

Mwanasosholojia Orlando Patterson, katika utafiti wake wa mwaka 1982, alieleza kwamba kiini cha utumwa si kazi ya sulubu bali ni kung'olewa: mtumwa ni mtu aliyekatiwa jamaa, ambaye mbele ya jamii ni kama aliyekufa. Ikiwa ndivyo, basi kufunguliwa ni nusu ya tiba. Hati humwondoa bwana lakini haimrudishi mama. Waliokombolewa walilazimika kujijengea wenyewe yale yasiyokuwamo katika karatasi: ndoa, majina, majirani na makaburi ya kuzuru.

Tena karatasi zenyewe zilikuwa na bei. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki aligawa hati za uhuru huko Rabai kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni, baada ya mabwana zao kukubali kulipwa fidia. Sheria ya mwaka 1907 iliyoondoa hadhi ya utumwa mbele ya mahakama ilifuata njia hiyo hiyo: fidia ililipwa kwa wenye watumwa. Aliyelipwa ni aliyenyang'anya, na aliyenyang'anywa akapewa karatasi. Kiswahili, kwa bahati, kina neno linalolishika jambo hili bila ya kulipamba. Kukomboa ni kumtoa mtu utumwani au nchi utawalani, na pia ni kulipa ili kurejesha kilichowekwa rahani. Kiingereza husema "to free" kana kwamba jambo lile halina muswada wa hesabu. Kukomboa kwakumbusha kwamba mtu fulani alidai na mtu fulani alilipa.

Doa la uungwana

Pengine msomaji atadhani kwamba hoja hii yaelekea kuusifu uungwana na kuudunisha uhuru. Haifai kuwa hivyo. Uungwana wa miji ya pwani ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Heshima ya mwungwana ilipimwa kwa tofauti yake na yule aliyemlimia shamba na kumchotea maji. Neno lililobeba mapenzi ya ukoo lilibeba pia mlango uliofungwa usoni mwa wengine. Wajukuu wa waliofunguliwa waliweza kuwa raia, walimu na mapadri, na bado wakaulizwa asili yao kwa sauti ambayo kila mtu aliielewa.

Hata hivyo, neno halikubaki mikononi mwa waliolimiliki. Katika misafara ya bara ya karne ya 19, wapagazi na askari waliotoka pwani na Unguja walijiita waungwana, ijapokuwa wengi wao kisheria walikuwa watumwa au watu walioachwa huru. Jina hilo walilichukua hadi mashariki ya Kongo, na ndilo lililokipa Kiswahili cha huko jina la Kingwana. Watu hao hawakungoja hati. Walijitwalia jina kwa lugha, mavazi, safari na mwenendo.

Methali nayo ilifanya kazi kama hiyo kwa njia ya utulivu zaidi. "Mwungwana ni kitendo" hunenwa leo kama nasaha ya adabu tu, lakini ukiisikiliza kwa masikio ya mji uliogawanyika kwa nasaba, ni hoja nzito. Yasema kwamba nasaba haitoshi: mzaliwa wa nyumba kubwa avunjaye ahadi amejitoa uungwanani, na asiyejulikana babu yake atendaye haki ameingia. Lewis aliuona mwendo huu katika Kiingereza pia, ambako majina ya tabaka, likiwamo "free" lenyewe, yaligeuka kuwa majina ya tabia. Tofauti ni kwamba katika Kiingereza "free" liliipoteza maana hiyo ya tabia, ilhali "mwungwana" limeihifadhi.

Lakini mgeuko huo una hatari yake. Anayesema kwamba uungwana ni tabia njema tu, na kwamba siku zote ulikuwa hivyo, huwafuta waliofungiwa nje. Ndiyo sababu neno "huru" haliwezi kuachwa. "Huru" ni shahidi: kila linapotamkwa lakumbusha kwamba palikuwa na kifungo na mfungaji. "Mwungwana" nalo hukumbusha kwamba kuondolewa kifungo si mwisho wa safari. Kila neno lalinda kile ambacho jingine lingependa kukisahau.

Bure, na kile kisicho bure

Maana ya kutolipa yaonekana nyepesi, lakini nayo ina kizingo chake. "Bure" ni bila ya malipo, na papo hapo ni bila ya faida. Mtu asiyefaa huitwa mtu bure. Aliyehangaika bila ya kupata amehangaika bure. Serikali ya Kenya ilipoondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, Kiingereza kilitumia "free" bila ya wasiwasi. Katika Kiswahili, msemo uliopendelewa katika uandishi rasmi ulikuwa elimu bila malipo, na wenye lugha walikuwa na sababu: elimu ya bure yaweza kusikika kama elimu isiyo na thamani. Lugha inayotahadhari hivyo yajua kwamba kisicho na bei kwa apokeaye kina mtu aliyekigharimia mahali pengine. Hata kauli ya kawaida "si bure", isemwayo mtu anaposhuku kwamba kuna sababu iliyofichika, ni falsafa ndogo ya aina hiyo.

Nchi huru na mtu huru

Utata wa "huru" wenyewe ulidhihirika baada ya tarehe 12 Desemba 1963. Kiingereza kina maneno mawili: moja kwa nchi isiyotawaliwa na nyingine, jingine kwa mtu asiyezuiwa. Kiswahili kilitumia "uhuru" kwa yote mawili. Kwa upande mmoja hii ilikuwa ahadi kubwa, maana neno lilidai kwamba nchi haiwezi kuwa huru ikiwa mtu wake amefungwa. Kwa upande mwingine lilirahisisha udanganyifu: aliyedai uhuru wa mtu aliweza kujibiwa kwamba uhuru tayari umekwisha kupatikana. Pwani yenyewe ilikuwa imegawanyika juu ya neno hilo hata kabla ya siku hiyo, kwani wafuasi wa Mwambao waliotaka ukanda wa pwani ujitenge waliuita uhuru kile ambacho wapinzani wao waliona ni kuupinga. Oginga Odinga alipotaka kusema kwamba kazi haijakwisha, alikiita kitabu chake cha mwaka 1967 "Not Yet Uhuru". Kitabu ni cha Kiingereza, lakini neno lililobeba lawama lilibidi liwe la Kiswahili, kwa kuwa ndilo peke yake lililokuwa limetoa ahadi zote mbili.

Shairi huru

Kwa mhakiki wa fasihi, kizingo kikali zaidi kiko katika istilahi "shairi huru". Mtindo ulioitwa "vers libre" na Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19 ulifasiriwa "free verse" kwa Kiingereza, na kutoka huko ukaingia katika mjadala wa ushairi wa Kiswahili, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha "Kichomi" mwaka 1974. Waliotetea arudhi, wengi wao wenye mizizi ya pwani, walikataa kwamba tungo hizo ni mashairi; waliotetea mtindo mpya waliwaona wapinzani wao kuwa wafungwa wa kanuni. Sehemu kubwa ya ukali wa mjadala ule yaweza kuelezwa na neno lililotumiwa kuuanzisha. Kuita shairi moja huru ni kudai, bila ya kuthibitisha, kwamba la pili ni mtumwa.

Mfano wa Mombasa waonyesha jinsi dai hilo lisivyosimama. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huo, alifungwa kutoka mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu "Kenya: Twendapi?" cha mwaka 1968. Humo kifungoni, akiandika kwenye karatasi za chooni, alitunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki". Mtu aliyenyimwa uhuru wa kila namna alichagua vina na mizani. Hawezi kusemwa kuwa alikuwa mtumwa wa arudhi. Kwa aliyetengwa na watu wake, bahari za ushairi wa Mvita zilikuwa jamaa: kutunga kwa kanuni ya wazee kulikuwa njia ya kuketi nao. Huo ni uungwana wa lugha, na wahenga wameueleza kwa maneno mafupi: hiari yashinda utumwa. Kanuni iliyochaguliwa kwa hiari si kifungo.

Haki yataka isemwe pia upande wa pili. Arudhi ikifanywa kitambulisho cha asili, ili watungaji wa bara waonekane wageni katika lugha wanayoiandika, huwa ni ule uungwana wa kale wa kufunga mlango. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa na haki ya kuingia kwa kitendo. Istilahi yenye insafu zaidi ingesema waziwazi kinachotofautisha tungo hizi, kwamba moja ina vina na mizani ya kudumu na nyingine haina, na kuacha hukumu ya uhuru itokane na shairi lenyewe.

Hitimisho

Neno "free" limeonekana kupinda mara nyingi: mahakamani, kivukoni, shuleni, bungeni na katika diwani. Kila pindo limehitaji neno lake la Kiswahili. Umaskini wa msamiati sio sababu. Wasemaji wa pwani walilazimika, kwa historia chungu, kutofautisha kufunguliwa na kupokewa, kutolipa na kutofaa, kukombolewa na kununuliwa. Mfasiri anayeandika "huru" kila aonapo "free" huzifuta tofauti hizo zote kwa mkupuo mmoja, na pamoja nazo huifuta kumbukumbu ya watu waliozigharimia.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mfasiri, na baada yake mhakiki, mwalimu na mtunga sheria, si neno gani li sahihi. Yafaa aulizwe: huyu aitwaye huru ameondolewa nini, na amepokewa na nani? Wa Freretown walijibiwa swali la kwanza kwa hati, na la pili wakaachiwa walijibu wenyewe kwa vizazi kadhaa. Lugha iliyo na maneno mawili kwa maswali mawili haina sababu ya kujipunguzia moja.